Nyoka wa Nkungwini Kasingiziwa

Siku niliyokatazwa kusema ndiyo siku niliyokuwa na mengi ya kusema kuliko siku zote za maisha yangu. Mimi ni Khombisile, binti wa Hlongwane, shangazi wa watu, na tangu utotoni nimeambiwa nina ulimi mrefu. Haya. Ulimi wenyewe nilikuwa nimeubana kwa meno tangu alfajiri, nimekaa ndani ya pikapu ya mdogo wangu Falakhe, tawi la mkunazi-mwitu mapajani, tunapanda mlima kwenda maporomoko ya Nkungwini kumchukua Muziwakhe, mtoto wa marehemu kaka yetu.

Muziwakhe alikuwa amekwisha kuzikwa. Kaburi lake lipo nyuma ya zizi la ng'ombe, kando ya baba yake. Lakini kwetu mtu akifia mbali na nyumbani, roho yake hubaki palepale alipofia, imesimama tu, haijui njia. Lazima aende mtu wa damu yake na tawi la mti huo, amwite kwa jina, amwambie twende, kisha amwongoze njia nzima: hapa tunavuka mto, hapa tunaingia garini, hapa inama, kuna mlango. Na mwenye tawi hasemi na mtu aliye hai, kwenda wala kurudi. Anasema na marehemu peke yake. Akimjibu mtu hata salamu, marehemu anaachwa njiani, na hakuna wa kumrudia tena.

Wazee walipokaa kuamua nani abebe tawi, Falakhe alisema, "Si Dada. Dada atagombana hata na geti." Watu wakacheka, msibani pale pale. Ni MaMiya, mama wa marehemu, aliyesema nibebe mimi, kwa kuwa Muziwakhe alikula kwangu zaidi kuliko alivyokula kwake. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, na hakuna aliyembishia.

Ni kwa ajili ya MaMiya nilikubali kujifunga mdomo. Wifi yangu huyo alikuwa hajalia. Mwezi mzima na zaidi tangu mwanawe apotee, hakuwa ametoa chozi. Kaburini alisimama mkavu, wanawake wakaanza kunong'ona. Nilipomwuliza akaniambia, "Bado yuko kule, wifi. Mleteni kwanza." Hali, halali, anakaa mlangoni anatazama barabara. Nilijua wazi kwamba nisipomrudisha Muziwakhe siku ile, wa pili kuzikwa angekuwa mama yake.

Na ngoja niwaambie nani aliyemfundisha kutolia.

Muziwakhe alikuwa mwongoza wageni kwenye kambi ile ya watalii iliyozungushia ua maporomoko yetu. Ilikuwa kazi nzuri, ana sare, ana kofia. Siku moja alikuwa jikoni kwangu anakula majimbi, akaniambia, "Shangazi, ile ngazi ya chuma ya kushukia kwenye ziwa la chini itaua mtu. Boliti zimeliwa na kutu, unazizungusha kwa kidole." Nikamwambia, mwambie bosi wako. Akasema amemwambia mara tatu, na bosi amejibu kwamba msimu wa wageni ukiisha wataitazama.

Bosi mwenyewe ni Bwana Cele, meneja wa kambi. Angekuwa mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, hasira yangu ingekuwa na mahali pa kupumzika. Cele ni Mzulu wa pwani, amelelewa na bibi, anajua kila kitu cha kwetu, na alikijua vizuri siku ile Muziwakhe alipopotea, alipokuja kwa MaMiya na viatu vyake vya ngozi. Alivivua mlangoni. Akakaa upande wa wanaume, akaweka mikono pamoja, akasema kwa unyenyekevu ambao ungemtoa machozi mtu yeyote, isipokuwa machozi ndiyo aliyokuja kuyakataza.

"Mama," alisema, "mwanao hakufa. Amechukuliwa. Mwenzake huyu aliona."

Alikuwa amekuja na Dumezweni, rafiki wa Muziwakhe tangu wakiwa watoto, mwongoza wageni kama yeye. Dumezweni akatazama mkeka, akasema maji yaliinuka, yakamkumbatia Muziwakhe, akashuka bila hata kupiga kelele.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndani ya ziwa lile anakaa Inkanyamba, nyoka mkubwa wa maji. Yeye huwachukua wale walioitwa kuwa waganga, huwakalisha chini kwake siku kadhaa akiwafundisha, kisha huwarudisha, uso umepakwa udongo mweupe, mikono imejaa dawa. Lakini kuna sharti. Watu wa nyumbani wasilie. Chozi moja likidondoka nyumbani, huyo aliye chini anauawa, anatupwa juu maiti. Tangu mababu inajulikana hivyo. Cele hakutuambia kitu tusichokijua, alitukumbusha tu.

"Na polisi?" niliuliza mimi.

"Ah, Shangazi. Polisi watakuja na mbwa, wataingia majini na viatu, watachafua kazi ya wakubwa. Mimi nimefunga njia ya kwenda ziwani ili Muziwakhe asisumbuliwe. Nyie tulieni. Pikeni pombe ya mtama, msubirini mwana wenu."

Tukampa chai! Nilimmiminia kwa mkono wangu huu, nikamwongeza sukari. Kisha tukatulia kama tulivyoambiwa. Tulipika pombe, tukakaa. MaMiya alikuwa akihisi kilio kinampanda anauma kitambaa chake cha kichwa mpaka kimepita. Siku tisa. Siku ya tisa mtu wa bonde la chini aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake akamkuta Muziwakhe amenasa kwenye mizizi mtoni, na usoni hakuwa na udongo mweupe. Wala sitaeleza alichokuwa nacho usoni.

Tulikwenda kuichukua roho kabla ya mazishi, tukarudishwa getini. Njia imefungwa, matengenezo. Tukarudi wiki iliyofuata, matengenezo. Tukamzika bila roho yake, jambo la aibu kwetu, na hiyo safari ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya tatu.

Basi tukafika getini. Nje ya geti hukaa MaZondi anayeuza bangili za shanga, na mimi na MaZondi tumegombana miaka sita kwa sababu ya mbuzi. Aliponiona nashuka garini bila kufungua mdomo, akainuka.

"Yeleuwi! MaHlongwane kimya? Jamani, njooni muone, redio imeisha betri!"

Kisha akaona tawi. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nisamehe, shoga. Sikuliona. Pole sana." Akakaa. Akainuka tena. "Lakini ngoja. Kwa hiyo leo huwezi kunijibu?"

Nikamtazama kwa jicho ambalo lingepasua chungu.

"Basi nakwambia. Yule mbuzi aliyekula maboga yangu alikuwa wako. Wako! Ana doa shingoni, watu wote walimwona, ukanitukana mbele ya kanisa zima. Aa, leo nimepumua!"

Falakhe aligeuka pembeni akicheka kwenye mkono wa koti. Mbuzi hakuwa wangu. Nasema hapa kwa kuwa sasa naweza kusema.

MaZondi alipomaliza kupumua, uso wake ukabadilika. Akasogea karibu, akateremsha sauti, akajifanya anapanga bangili zake.

"Na hili lisikilize, maana siku nyingine ungenikatiza. Ile siku ya tatu, nyie mmekaa huko kwenu hamlii, hapa lilipita gari na ngazi mpya ya chuma, inang'aa. Jioni likatoka na ile ya zamani, wameifunika turubai. Mguu mmoja ulikuwa nje. Umeng'oka, MaHlongwane, na boliti zake zinaning'inia. Mimi nauza hapa kwa ruhusa yao, nikanyamaza. Nakwambia leo kwa sababu leo huwezi kuniuliza kwa nini sikusema jana."

Nilisikia masikio yananguruma. Ngazi! Siku tisa tumeuma vitambaa, tumekalia vilio vyetu, kumbe tunawalindia watu nafasi ya kubadilisha ngazi. Hakuitwa na mtu yeyote mtoto yule. Alianguka kwa chuma kibovu, akafa saa ileile, na wakaja kwetu na viatu mkononi kumsingizia nyoka. Nyoka wa watu, aliyekaa mle majini kabla ya babu wa babu yangu, amebebeshwa uchafu wa kambi ya watalii! Nami nimesimama pale na tawi, nimeambiwa haya yote saa ambayo siwezi kusema hata "ala!"

Na Cele ndipo alipotokea ofisini, na karatasi.

"Karibuni, karibuni wazee. Poleni. Leo njia iko wazi." Akamgeukia Falakhe, ambaye tayari alikuwa amevua kofia. "Ni utaratibu mdogo tu, Baba. Sahihi moja."

Falakhe akasoma polepole, midomo ikicheza. Karatasi ilisema kwamba sisi familia tunakubali kwamba Muziwakhe Hlongwane aliacha njia kwa hiari yake, akaingia majini kwa mambo yake ya kimila, na kwamba kambi haihusiki na hatutakwenda popote na jambo hilo.

"Mbona inasema hatutakwenda popote?" Falakhe aliuliza.

"Ni maneno ya wanasheria, Baba, usiyajali. Bila karatasi siwezi kuruhusu mtu afike ziwani. Ni usalama." Kisha akanigeukia mimi. "Kama Mama ana neno, aseme."

Akasubiri. Alinitazama, akalitazama tawi, akainamisha kichwa kwa adabu kabisa. Alijua! Alijua lile tawi ni nini kuliko hata padri wetu anavyojua. Alikuja na karatasi siku ile kwa sababu siku ile mdomo wa Khombisile ulikuwa umefungwa na marehemu mwenyewe.

Nilitikisa kichwa. Nilipiga mguu chini. Nilimvuta Falakhe koti mpaka kifungo kikatoka.

"Dada, naona," Falakhe alisema, machozi yakimlengalenga. "Naona hutaki. Lakini tukikataa tunarudi mikono mitupu mara ya tatu. MaMiya hafiki mwezi ujao, wewe mwenyewe umesema."

Akatia sahihi.

Nililishika tawi kwa nguvu mpaka mwiba ukaingia kiganjani, na niliushukuru, maana uliniondolea neno lililokuwa limekwisha kufika kwenye meno. Neno moja tu ningemwambia Cele, na lingekuwa tamu kuliko asali. Lakini Muziwakhe angebaki majini kwa ajili ya utamu wangu. Nikalimeza likashuka na kuniunguza kifua.

Kupanda mpaka ziwani ni saa nzima, kwa magoti yangu saa moja na nusu. Njia ile niliikanyaga nikiwa msichana, kabla ya ua na geti. Mvua ikichelewa, tulikuwa tunavaa suruali za kaka zetu, tunachukua ng'ombe wenyewe malishoni, wanaume wamekatazwa kutusogelea, tunapanda na vyungu vya pombe mpaka maporomokoni kumwomba Nomkhubulwane, Binti wa Mbingu, anayevaa ukungu. Tulirudi tumelowa mara nyingi kuliko tulivyorudi wakavu. Hata paa zetu za bati tulizipaka rangi isiyong'aa, ili Inkanyamba akihama na dhoruba asidhani ni maji akaziangukia. Ndivyo tulivyoishi na majirani zetu wale wa majini, kwa heshima, na hakuna aliyetudai sahihi.

Tulipotokea kwenye miamba, ziwani kulikuwa na wageni wanane na kofia zao. Mbele yao amesimama Dumezweni, mgongo kwetu, anawahadithia. Nimefanya kazi miaka ishirini na miwili jikoni kwa watu mjini, Kiingereza chao nakisikia hata kikinong'onwa.

"Kichwa chake ni kama cha farasi," alikuwa akisema, "na wiki tano tu zilizopita alimchukua mmoja wetu, mwongoza wageni, pale, chini ya ngazi ile. Hakupiga hata kelele."

Wageni wakaguna kwa raha. Wakainua simu, wakapiga picha maji. Mama mmoja akamwomba mumewe asimame karibu na ngazi ili atoke vizuri.

Walikuwa wamemfanya mtoto wetu kivutio.

Dumezweni akageuka, akaniona. Akaiacha hadithi katikati. Nilimpita bila kumtazama, nikapiga magoti ukingoni, nikachovya tawi majini. Povu la maporomoko lilikuwa linanirukia usoni. Falakhe alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Nikamwita marehemu kwa jina lake, kwa jina la baba yake, na kwa majina yote ya ukoo mpaka kwa yule wa kwanza.

"Muziwakhe," nikasema, "ni mimi, shangazi yako. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Hapo ndipo desturi inapoishia. Unamwambia twende, mnaondoka. Lakini nilipoisikia sauti yangu mwenyewe, baada ya kukaa bubu tangu alfajiri, nilitambua kitu kilichofanya nywele zinisimame. Hakuna aliyenikataza kusema. Nimekatazwa kusema na walio hai. Muziwakhe ninaruhusiwa kumwambia lolote, kwa urefu wowote, kwa sauti yoyote ninayotaka.

Nikavuta pumzi.

"Na kabla hatujaondoka, mwanangu, nataka ujue uliyofanyiwa, maana labda hata wewe hujui. Hukuchukuliwa na mtu! Ulishuka ngazi ile uliyoniambia jikoni kwangu kwamba itaua mtu. Ulimwambia Cele mara tatu. Mara tatu, Muziwakhe! Ikang'oka na wewe. Na ulipokuwa ukielea mtoni, Cele alikuja kwa mama yako, akavua viatu, akasema usilie. Usilie, mwanao yuko shuleni kwa nyoka! Siku tisa mama yako ameuma kitambaa. Siku ya tatu wakaingiza ngazi mpya, hii hapa, itazame inavyong'aa. Ya zamani wakaitoa chini ya turubai. Leo asubuhi wamemfanya baba yako mdogo atie sahihi kwamba ulijitupa mwenyewe. Na hapa wanawauzia watu kifo chako kama hadithi. Umenisikia? Na wewe mwenye maji, Inkanyamba, samahani kwa kukusumbua, lakini umesingiziwa!"

Nilikuwa napiga kelele. Maporomoko yananguruma, nami nanguruma. Nyuma yangu nikasikia wageni wanaulizana. Mama yule wa picha akasema, "Anasema nini? Dumezweni, anasema nini huyu?"

Kisha nikasikia sauti ya Dumezweni, kwa Kiingereza, polepole.

"Anasema mtu huyo hakuchukuliwa na nyoka. Anasema ni ngazi. Ilikuwa mbovu."

"Ni kweli?"

Niliona viatu vya Dumezweni pembeni yangu, kisha magoti yake. Alipiga magoti kwenye maji kabisa, na sare yake. Hakusema na mimi. Alisema na mwenzake.

"Muzi. Ni mimi. Shangazi anasema kweli tupu. Nilikuwa juu, nilikuona umeshika ngazi, na ngazi ikaja nawe. Ulipiga kelele, Muzi. Uliniita jina langu. Niliwaambia watu hukupiga kelele. Nina mtoto mchanga, niliambiwa nisipokubali nikatafute kazi kwingine. Nikakubali."

Akaanza kulia kwa kwikwi. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na yote mawili yalikuwa hayaruhusiwi.

Cele alifika wakati huo, anahema, viatu vya ngozi vimejaa tope. Nadhani alikuwa ametufuata kwa mbali.

"Mama, imetosha! Umekuja kuchukua roho au kufanya mkutano?"

Sikugeuka. Nikaendelea kumweleza Muziwakhe mambo ya nyumbani, ng'ombe aliyezaa, nani alikuja mazishini na nani hakuja.

"Dumezweni! Mwambie anyamaze."

"Bosi," Dumezweni alisema bila kuinuka, "hasemi na sisi. Mimi nitamkatizaje mtu anayesema na marehemu?"

"Basi inuka wewe."

"Na mimi nasema na marehemu."

Nilimwona Cele kwa pembe ya jicho. Hatua nne tu zilikuwa kati yetu. Angekuwa mtu asiyejua, angenishika bega akanivuta. Lakini bibi yake alimlea vizuri. Alilitazama tawi limelowa, akatazama maji, akatambua kwamba kati yangu na yale maji sasa kuna mtu amesimama, na mtu mwenyewe anamjua kwa jina. Hakuthubutu. Alibaki pale, mdomo wazi, hana mtu wa kuongea naye, na mama yule wa picha akamsogelea akamwuliza tena kuhusu ngazi, simu yake imeelekezwa usoni kwa Cele.

Falakhe akavaa kofia. Mdogo wangu yule anayewavulia kofia hata makarani wa posta alivaa kofia mbele ya Cele, akaivuta vizuri.

"Ile karatasi naitaka."

"Umeshatia sahihi, Baba."

"Ndiyo. Na kesho nitakwenda kituo cha polisi na kijana huyu, nitawaeleza niliitia vipi. Baki nayo, watakuja kuisoma kwako."

Mimi niliinuka. "Twende, Muziwakhe," nikasema. "Hapa pana utelezi. Nishike."

Dumezweni alipanda nyuma ya pikapu, kwenye upepo, maana kiti cha katikati mbele kilikuwa cha Muziwakhe. Falakhe aliendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilimwambia Muziwakhe kila kona. Hapa daraja. Hapa duka ulikonunua baiskeli. Hapa shimo, shikilia. Getini MaZondi alisimama, akavua kilemba chake, gari likapita.

Jua lilikuwa bado juu ya milima tulipofika. MaMiya alikuwa mlangoni palepale tulipomwacha. Alisogea kando kutupisha, mimi na mwanawe, bila kuniuliza kitu, kwa kuwa alijua siwezi kumjibu. Nikainama mlangoni, nikamwambia Muziwakhe ainame. Nikaenda mpaka mwisho kabisa ndani ya nyumba, mahali pa wazee wetu waliotangulia, nikafukiza majani, nikalilaza tawi chini.

"Umefika. Hapa ni kwenu. Baba yako huyu hapa."

Kazi ikawa imekwisha, na mdomo wangu umefunguliwa. Nilikuwa nimemwandalia Cele matusi ya njia nzima, nataka kuyamwaga kwanza mbele ya watu wa nyumbani wayaonje. Nikageuka. MaMiya alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, mikono mapajani.

"Amekuja?" akauliza.

"Amekuja, wifi."

"Nikilia sasa, hawamfanyi kitu?"

Hasira yote niliyoipanga ikanitoka mikononi. Nilikaa chini karibu naye, nikamshika magoti.

"Hakuna wa kumfanya kitu. Wala hakuwahi kuwa kwa nyoka, hata siku moja. Ngazi iling'oka, akafa siku ileile. Dumezweni yuko nje, amekiri. Walikudanganya ili usiite polisi. Ungelia siku ya kwanza, ungelia siku zote tisa, kusingekuwa na tofauti."

Niliona anataka kuniamini na anaogopa.

"Siku ya nne," alisema, "kulikuwa na wageni wengi, nikawapikia. Nilikata vitunguu." Akanyoosha kiganja akakitazama. "Yalinitoka machozi, wifi. Mawili. Nilifuta haraka kwa kiwiko, nikajua kuna mtu ameona huko chini. Alipoletwa maiti, nikajua ni mimi."

"Umekaa na hilo mwezi mzima?"

"Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu kwa vitunguu."

Nikamwambia si yeye. Nikamwambia tena, nikamwita Dumezweni aingie, naye akapiga magoti mlangoni akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe siku gani, saa gani, na kwamba Muziwakhe alikuwa amekwisha kufa kabla kitunguu hicho hakijang'olewa shambani. MaMiya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalia, na wanawake waliokuwa nje wakaacha masufuria yao motoni wakaja.